Upande Usio na Sauti

Wengi wenu hapa Noonkopir, Kitengela, mnaniita Sahani Mbaya mkidhani kwamba masikio yangu yamezeeka pamoja na magoti. Nawasikia. Waliowarithisha jina hilo ni baba zenu, nao walilipata Kajiado, alasiri ya Jumamosi, tarehe kumi na nne Oktoba, mwaka 1989. Mmelipokea kama kichekesho, na kila anayekisimulia hukitia chumvi yake. Juzi nimesikia kwamba siku hiyo nilimpasua mtu kichwa kwa sahani ya santuri. Sikumpasua mtu. Nimeamua kuliandika jambo lenyewe kama lilivyokuwa kwa sababu mmeanza kuniuliza, nyinyi mnaobeba muziki wa dunia nzima mfukoni, wazee wenu waliona nini katika sahani zile za rege ambamo mtu haimbi bali anasema tu. Siwezi kulijibu swali hilo nikaikwepa aibu yangu. Vyote viwili vilikaa katika duka moja.

Duka hilo tulilifungua mwaka 1981, mimi na marehemu mume wangu, Mutisya. Yeye alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja upande wa Athi River; mimi ndiye niliyekaa dukani mchana kutwa. Kazi yetu ilikuwa kurekodi kanda. Mteja aliingia na kanda tupu, au alinunua kwetu, akachagua nyimbo, nasi tukazitoa kwenye sahani na kuzitia humo. Leo mtu hutuma wimbo kabla hajamaliza kupiga chafya. Wakati huo, kanda ya dakika tisini ilichukua dakika tisini, na hapakuwa na namna ya kuiharakisha.

Kazi hiyo ilikuwa na adabu yake, na sioni haya kusema kwamba niliijua vizuri. Sahani hushikwa kwa ukingo, kama mtu anavyopokea sinia la chakula cha mgeni, wala kidole hakigusi mifereji. Vumbi la Kitengela, hasa mwezi wa Februari, ni adui. Nililifuta kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji yenye tone la sabuni, nikifuata mzunguko wa mifereji, kamwe si kukatiza. Sindano ikirukaruka, unabandika sarafu nyepesi juu ya kichwa chake, lakini usizoee kufanya hivyo, kwa kuwa uzito ule huila sahani. Kanda ikishajaa wimbo unaoupenda, vunja vile vijimeno viwili vya plastiki mgongoni mwake ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Utepe ukilegea, kalamu ya risasi inatosha kuukaza. Na kubwa kuliko yote: utazame mshale wa kipimo. Nyimbo za injili mshale hucheza kwa utulivu, lakini rege ina besi, na besi ikiachwa huusukuma mshale hadi kwenye wekundu, na sauti ikiungua haiponi. Mimi nilijifunza kurekodi kwa macho. Amplifaya yetu ilikuwa na swichi iliyoniwezesha kurekodi sahani moja kimyakimya huku spika ya nje ikipiga wimbo mwingine wa kuwavuta wapita njia. Mafundi wengine walihitaji kusikiliza kila kitu mwanzo hadi mwisho. Mimi nilitazama mshale, nikauza betri, nikakaribisha wateja. Nilijisifu kwa hilo. Likumbukeni.

Sasa nije kwenye sahani zenyewe.

Mutisya alizipenda kuliko zote zile ambazo nyinyi mnasema ni za kutosti; sisi tulisema "za kuongelea". Alinieleza hivi. Kule Jamaika, wimbo ukishapendwa na watu, fundi wa studio aliurudia, akamwondoa mwimbaji, akabakiza ngoma, besi na gitaa likikatakata kwa mbali. Wimbo ukabaki kama nyumba ambayo wenyewe wamesafiri. Kisha akaja mtu wa pili, akaingia nyumba hiyo tupu na kuanza kuzungumza humo: anasalimia, anatania, anataja Zaburi, anawaonya wakubwa, anasifia vazi lake, anacheka. Mara nyingine fundi humwachilia yule mwimbaji wa kwanza kwa kipande kidogo tu, mstari nusu, kama mtu anayeita kutoka chumba cha ndani, na yule mghani humjibu. Sahani nzima, pande zote mbili, huwa ni mazungumzo ya namna hiyo.

Mara ya kwanza nilipoisikia nilimwambia Mutisya arudi alikoinunua akadai sahani nyingine, kwa maana hii ilikuwa na mlevi aliyeingia studio.

"Tulia, mama Mwende," aliniambia. "Sikiliza anavyongoja."

Hapo ndipo penye siri yote, na ndipo ninapowaona mkikosea siku hizi, mnapobonyeza simu ili wimbo uruke mbele hadi kwenye maneno. Mghani mzuri haingii mara moja. Anaiacha ngoma itembee, anaiacha besi izunguke mara kadhaa, hadi msikilizaji mwenyewe aanze kuona kiu. Ukisema sasa anaingia, haingii. Ukikata tamaa, ndipo anapoingia kwa neno moja, "haya" au mguno tu, nawe unajikuta umecheka bila kujua sababu. Mwimbaji huomba umpende. Mghani hukujia kama jirani ambaye hakubisha hodi lakini amekuja na habari nzuri.

Kuhusu maana ya maneno, mume wangu alinitafsiria usiku na mchana. Kwa miaka mingi niliamini kwamba mghani mmoja alikuwa akiwahimiza vijana kuwatembelea wakwe zao kila mwezi. Nilipojifunza Kiingereza, tena Kiingereza cha mtihani, niliiweka sahani hiyo nikakaa na kalamu, na sikuambulia neno hata moja. Nilimwita mwalimu wangu wa gumbaru, masomo ya watu wazima, aje anisaidie. Alisikiliza kwa makini, akavua miwani, akasema, "Mama, hiki si Kiingereza ambacho serikali ilinituma kukifundisha." Hadi leo sijui habari za wakwe alizitoa wapi marehemu. Lakini nimegundua kwamba hata bila tafsiri yake nilikuwa nimeelewa sehemu kubwa. Nilimwelewa mtu anavyotulia, anavyocheka, anavyokasirika bila kupaza sauti.

Mutisya alifariki mwezi Agosti mwaka 1988. Ndugu zake walitarajia nifunge duka. Sikulifunga. Nilivaa nguo yangu ya eda, nikapanguza kaunta, nikawasha amplifaya. Watu walisema kwamba yule mjane wa Kikamba ana kiburi. Walikuwa sahihi, nami nilikipenda kiburi hicho, kwa kuwa ndicho kilichowalisha watoto wangu watatu.

Ila kiburi hicho kilisimama juu ya jambo ambalo hakuna mteja aliyelijua. Sikujua kusoma. Baba yangu aliwasomesha kaka zangu kwanza, na zamu yangu haikufika. Mutisya ndiye aliyeandika majina ya nyimbo kwenye kanda. Baada ya kifo chake, aliandika binti yangu Mwende akitoka shuleni, nami nikiwaambia wateja warudi jioni kwa sababu "kanda lazima ipoe". Waliamini. Kuna watu wazima katika mji huu ambao mpaka leo huipoza kanda.

Sahani nilizitambua kwa sura. Hii ina karatasi ya manjano katikati, ile ina simba, ile nyingine ina mkwaruzo wenye umbo la mundu. Njia hiyo ilinitosha kabisa hadi mchwa walipopanda ukutani msimu wa mvua na kuyala majalada ya sahani zilizokuwa chini. Nilizikuta sahani salama, nyeusi na uchi. Mbili kati yake zilikuwa pacha. Ya kwanza ilikuwa ya mghani ambaye mume wangu alimpenda kuliko wote. Ya pili ilikuwa na nyimbo zilezile, midundo ileile, bila mghani: nyumba tupu pande zote mbili. Zote zilitoka kampuni moja, zote zilikuwa na karatasi ya kijani, na moja ilikuwa na doa la chai. Doa nililikumbuka vizuri. Sikukumbuka lilikuwa la sahani ipi.

Hapo ndipo alipoingia Sankale.

Alikuwa kijana wa Kimasai mwenye miaka ishirini na miwili, mrefu, mwenye sauti iliyoweza kuvuka soko la mifugo la Kajiado bila kipaza sauti. Kazi yake ilikuwa kunadi mbuzi wa watu wengine. Alikuwa amelelewa na baba yake mdogo huko Oltepesi, kwenye barabara ya Magadi. Kila alipokuja Kitengela alisimama kwenye mlango wangu akisikiliza sahani za kuongelea, na siku moja alianza kuongea juu yake, kwa Kimaa, Kiswahili na maneno mengine aliyoyabuni, akiwasifia mbuzi aliowauza wiki ile. Fundi wa viatu wa jirani aliacha kushona. Mimi mwenyewe nilisahau kumrudishia mteja chenji. Kijana yule alijua kungoja.

Jumatano kabla ya Jumamosi ile ya Kajiado alikuja akiwa amevaa shati lililopigwa pasi.

"Takwenya, yeyo," alinisalimia, kama Wamasai wanavyomwita mama.

"Iko. Leo unaoa?"

"Bado, yeyo. Niko na shida kubwa kuliko kuoa." Aliketi kwenye kreti. "Unajua ile holi ya Mzee Njoroge, pale Kajiado karibu na stendi? Anatafuta mtu wa kushika maiki kila Jumamosi. Amesema nikuje Jumamosi hii nijaribu mbele ya watu. Wakinipenda, kazi ni yangu."

"Na wasipokupenda?"

"Baba mdogo anataka mtu wa kuchunga. Vijana wake wako shule. Nimemwambia anipatie hiyo Jumamosi moja tu. Nikikosa, Jumatatu niko Oltepesi nyuma ya ng'ombe, na hakuna maneno tena. Nimempatia neno langu."

Alihitaji kanda yenye midundo mitupu ili aongee juu yake. Nilimwambia kwamba nina sahani nzima ya namna hiyo. Nilizitoa zile pacha mbili kutoka rafuni, nikazishika mkononi, nikalitafuta doa la chai. Sankale alinyoosha mkono kwa adabu.

"Nikusomee, yeyo? Hapa katikati wameandika."

Alikuwa amemaliza darasa la saba. Angesoma kwa sekunde mbili. Ningesema tu "Haya, mwanangu, nisomee," na habari yote ingeishia hapo, nami nisingekuwa na la kuwaandikia. Nilizivuta sahani kifuani.

"Sankale, unafikiri mimi sijui mali yangu? Nimezishika kabla hujaota ndevu."

"Pole, yeyo. Sikuwa na maana mbaya."

Aliomba radhi. Yeye ndiye aliyeomba radhi.

Nilimwambia arudi Kajiado, na kwamba mimi mwenyewe ningeileta kanda Jumamosi, kwa kuwa nilitaka kuona. Nikaiweka ile yenye doa kwenye gramafoni. Sikuwa mzembe kiasi hicho. Nilivaa hedfoni ili nihakikishe. Ngoma ikaingia. Besi ikaingia, ikazunguka, ikazunguka tena. Hapakuwa na sauti ya mtu. Nikasema moyoni, ndiyo hii. Nikavua hedfoni, nikawasha spika ya nje na kwaya ya injili, nikatazama mshale wangu ukicheza bila kugusa wekundu, na mteja akaja kutafuta betri.

Mnaona kosa langu. Mghani alikuwa anangoja. Mimi niliyefundishwa na mume wangu kwamba uzuri wa sahani hizo ni kule kungoja, mimi niliyewafundisha wateja hivyohivyo kwa miaka minane, sikungoja. Laiti ningeikaza hedfoni masikioni kwa muda wa kukuna nazi moja, angeingia na kuniambia kwamba nimeshika sahani isiyo yenyewe.

Jumamosi nilivaa gauni langu la bluu la kanisani, nikapanda basi la Namanga. Mkobani nilikuwa na kanda na, kwa sababu ya majivuno, ile sahani yenyewe. Nilitaka watu wa Kajiado waione. Nilitaka mtu aulize, "Huu muziki umetoka kwa nani?" ili nijibu.

Holi ilijaa. Palikuwa na wafanyabiashara waliotoka sokoni na fimbo zao, makarani wa ofisi za serikali, wasichana wa shule waliojifanya wamekuja kumtafuta mtu. Mzee Njoroge, mwenye holi, alikuwa mtu wa Murang'a, mnene, mwenye kofia asiyoivua hata akila. Aliniweka kiti cha mbele.

"Karibu, mama. Ni wewe umemletea huyu kijana silaha?"

"Ni mimi," nikasema.

Sankale alipanda jukwaani. "Sopa!" aliita, na holi nzima ikamjibu, "Ipa!" Akaiweka kanda. Ngoma ikaingia. Besi ikaingia, na viti vya mbao vikatetemeka. Alisimama ameinamisha kichwa, maiki kifuani, akingoja, nami nikaona watu wakianza kuinamia mbele. Alingoja vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Kisha akainua maiki, akafungua kinywa, na kabla hajatoa neno, sauti ya Mjamaika ikatoka kwenye spika ikacheka.

Sankale alikifunga kinywa. Mjamaika akaendelea.

Kwa kitambo watu hawakuelewa. Kisha kijana mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Ebu fungua mdomo tena! Tuone kama hiyo sauti ni yako!"

"Anataka kutuimbia na mdomo ya mtu mwingine!"

"Wewe, uza mbuzi!"

Kicheko kikaanza upande mmoja, kikazunguka holi yote. Sankale alijaribu kuongea juu ya Mjamaika, lakini kila alipopata nafasi yule wa sahani aliijaza. Mzee Njoroge akapanda, akaizima mashine.

"Kijana," alisema, "umekuja kutufanya watoto?"

"Hapana, mzee. Kanda si yenyewe." Hakunitazama. Nataka mjue hilo. Hakugeuza macho hata kidogo upande wangu.

Nilisimama. Natamani niwaambie kwamba nilisimama nikasema ukweli. Nilisimama nikasema, kwa sauti ambayo holi nzima iliisikia, "Si kosa la mtu. Ni sahani mbaya. Huko kiwandani wameiandika vibaya. Imeandikwa kwamba haina sauti, na kumbe ina sauti."

Nikaitoa mkobani, nikaiinua juu, kama ushahidi mahakamani.

Mzee Njoroge alinyoosha mkono, nami sikuwa na la kufanya ila kumpa. Aliisogeza karibu na dirisha, akaisogeza mbali na macho, akasoma taratibu. Akasoma jina la mghani. Akasoma neno lililosema kwamba ndiye anayezungumza humo. Akasoma orodha ya nyimbo zote za upande huo, moja baada ya nyingine, na baada ya kila moja jina la mghani yuleyule.

"Mama," alisema, na alisema kwa upole, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi, "hapa iko sawa kabisa. Kwani wewe ulisoma nini?"

"Sijui kusoma," nikasema.

Nimezaa watoto watatu na nimemzika mume. Sijawahi kutamka maneno mazito kuliko hayo mawili. Sauti ya msichana mmoja wa shule ikasema, "Sahani mbaya!" na kicheko kilichofuata ndicho ambacho nyinyi bado mnakicheka.

Mzee Njoroge alikuwa mtu wa haki. Alimgeukia Sankale. "Kosa si lako. Rudi Jumamosi ijayo na kanda yako sawa."

"Jumamosi ijayo nitakuwa Oltepesi, mzee. Nilitoa neno."

"Basi ongea sasa hivi. Bila kanda."

Akaongea. Alijitahidi, na maneno yalikuwa mazuri, yaleyale ya mbuzi na ya madalali wao, lakini yalikosa mahali pa kukalia. Mghani si mshairi wa kusimama peke yake. Anaegemea kitu, anakichokoza, anakikimbia na kukirudia. Ukimwondolea besi, unabaki na mtu mwenye haraka mbele ya watu wasiojua wacheke wapi. Baada ya muda, watu walianza kuzungumza wao kwa wao. Sankale akaiweka maiki mezani kwa utaratibu, akashuka. Alipofika kwangu alisimama.

"Nikupeleke stendi, yeyo," alisema. "Basi za jioni zinajaa."

Akanibebea mkoba. Akanitafutia kiti cha dirishani. Jumatatu iliyofuata alikuwa nyuma ya ng'ombe.

Niliingia darasa la gumbaru tarehe nane Januari 1990, nikiwa na miaka thelathini na sita, nikakaa kwenye dawati lililotengenezwa kwa ajili ya mtoto. Msidhani nilikwenda kwa kupenda elimu. Nilikwenda kwa sababu sikuweza kupita mbele ya duka lolote lenye maandishi bila kusikia kile kicheko. Mtihani wa darasa la nane niliufanya mwaka 1996, pamoja na mwanangu wa mwisho. Alinishinda hisabati, nikamshinda insha. Wanaponisifu kanisani kwa jambo hilo, mimi hutazama sakafu. Wanadhani ni unyenyekevu.

Duka nililifunga mwaka 2009, vijana walipoanza kuja na vidude vidogo kama kucha, vyenye nyimbo elfu. Sahani ninazo. Njooni mzisikilize, lakini mtaketi, na simu mtaziacha mezani, na hakuna atakayeniambia niruke mbele. Mkiwa na jambo msilolijua na mtu akawanyooshea mkono kuwasaidia, mpeni hiyo sahani asome. Sina ushauri mwingine wa kazi ulio bora kuliko huo, na nimeulipia kwa mali ya mtu mwingine.

Maana nilimfuata Sankale, na hili baba zenu hawakuwasimulia kwa kuwa hawakulijua. Ilikuwa Jumamosi, tarehe ishirini na moja Aprili, mwaka uleule wa 1990 nilioanza gumbaru. Nilirekodi upya sahani ya pili, ile isiyo na mtu, safari hii nikiwa na hedfoni kichwani kutoka mwanzo hadi mwisho wa kila upande. Juu ya kanda niliandika jina la sahani na majina ya nyimbo kwa mkono wangu. Herufi zilikuwa kubwa, zimeinama kama ua lililosukumwa na ng'ombe, lakini zilikuwa zote, na zilikuwa sahihi. Nikapitia Kiserian, nikashuka Oltepesi saa sita za jua kali, nikaulizia.

Walinipa maziwa. Baba yake mdogo alinipokea kwa heshima, hakuuliza nimekuja kwa nini. Sankale alikuja kutoka malishoni amekonda, ana vumbi hadi kwenye kope. Alinisalimia kama zamani. Nilimpa kanda, naye akaipokea kwa mikono miwili, akaingia ndani akatoka na redio ya kaseti ya betri, akaiweka juu ya jiwe.

Ngoma ikaingia. Besi ikaingia, nyembamba katika spika ile ndogo, ikazunguka. Sankale alisimama ameegemea fimbo, ameinamisha kichwa kama siku ile jukwaani, nami niliujua mkao ule. Nikangoja. Besi ikazunguka tena. Nikasema sasa anaingia. Wimbo wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaanza, ukaisha. Hakufungua kinywa. Alisikiliza upande mzima hadi utepe ulipoisha na kitufe kikaruka chenyewe.

"Imerekodiwa vizuri, yeyo," alisema. "Haina hata mkwaruzo."

Akaitoa kanda, akaipuliza vumbi, akanirudishia.

"Mpatie mtu mwingine. Kajiado kuna vijana wengi wanatafuta."

Nilimwomba akae nayo. Akasema betri ni za baba mdogo, za kusikilizia taarifa ya habari. Kisha ng'ombe mmoja alianza kwenda upande usiofaa, akampigia mluzi, akaniaga, akaenda.

Njia nzima ya kwenda nilikuwa nimepanga namna nitakavyomwonyesha yale maandishi, na kumwambia kwamba aliyeyaandika ni mimi. Niliirudisha kanda mkobani na sikumwambia.